Naambiwa naimba kama fulani, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, naishi Ujiji. Nimerekodi nyimbo tatu, na kila anayezisikia ananiambia naimba kama msanii mmoja mkubwa wa Bongo Fleva. Inaniumiza. Nimeacha kabisa kusikiliza nyimbo za wengine ili nisiige. Sasa kuna prodyuza ameniambia nikimpa 150,000 atanitengenezea "saundi yangu", yaani mpangilio wa otatuni (programu ya kunyoosha sauti) na mwangwi utakaokuwa wangu peke yangu, na tutautumia kwenye kila wimbo. Nimlipe? Na nifanye nini zaidi ili niwe na staili yangu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimlipe.

Nimekaa mbele ya mashine za kurekodi hapa Mwanga, Kigoma, miaka mingi, na jioni nafundisha sauti. Swali lako naletewa karibu kila wiki, na kila likija huja na imani hiyohiyo, kwamba staili hupatikana kwa kuziba masikio. Hiyo imani imeniharibia vijana wengi wazuri kuliko uvivu. Ulipoacha kusikiliza wengine hukuacha kuiga. Umejifungia ndani na yule mmoja ambaye ulishammeza tangu utotoni, na sasa hana wa kushindana naye. Anayeiga mtu mmoja watu humjua mara moja. Anayeiga ishirini hawamjui anaiga nani, na baada ya muda hata yeye mwenyewe hajui.

Waulize wazee wa dansi. Salum Abdallah wa Morogoro aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba. Hakuficha anakochota: santuri za Kuba zilikuwa zinachezwa Afrika Mashariki nzima, naye alizipenda. Lakini zisikilize nyimbo zake leo. Hakuna anayedhani ni Mkuba. Kiswahili kilimlazimisha kuikata mistari mahali pengine, na maneno yake yalikuwa ya watu wa kwake. Hapa jirani zetu wa Tabora walikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, iliyojulikana kwa mandolini wakati wengine wengi wanakimbilia gitaa. Tabora Jazz nao wakawa na mtindo wao, Segere Matata. Zamani kila bendi ilikuwa na mtindo wenye jina: Western Jazz na Saboso, NUTA Jazz na Msondo, Mlimani Park na Sikinde, jina lililotoka kwenye ngoma ya Wazaramo. Vijana wanadhani wazee wale walikaa kikao wakachagua mtindo kama mtu anavyochagua kitambaa cha suti. Walipiga usiku baada ya usiku, wakachukua ngoma za nyumbani na vya redioni, ndipo jina likafaa kubandikwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Marekani. B.B. King, mpiga gitaa wa bluzi, alipokuwa kijana alitamani gitaa lake lilie kama la binamu yake, Bukka White, ambaye alikuwa akitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Alijaribu, akashindwa. Basi akawa anautikisa uzi kwa kidole cha mkono wa kushoto ili apate angalau kitu kinachokaribia kile kilio. Ule mtikiso ndio dunia nzima inaomjulia. Noti moja tu inatosha, unajua ni yeye. Umeona alipoipata? Aliipata pale alipojitahidi kuiga kwa moyo wote, mkono ukakataa.

Sasa tuje kwenye otatuni, maana hapa ndipo unapotaka kutapeliwa. Programu hii ilitoka mwaka 1997. Inapima sauti yako iko wapi, kisha inaivuta hadi noti ya karibu iliyoruhusiwa kwenye ngazi ya noti uliyoichagua. Kuna kitufe kinachoamua iivute kwa haraka kiasi gani. Ukikishusha hadi sifuri, sauti inaruka kutoka noti hadi noti bila mteremko wowote kati yake. Sina ugomvi nayo kama rangi ya wimbo, hata mimi naitumia. Lakini fikiri inafuta nini. Msikilize bibi yako akimbembeleza mtoto kwa Kiha, lugha yetu ya Kigoma. Ile sauti inateleza, inaingia noti kwa chini, inakaa kidogo pembeni yake, ndipo inatulia. Mashine inayaona hayo yote kuwa makosa na inayasafisha. Yaani kile kidogo kilicho chako ndicho cha kwanza kufutwa, halafu unaambiwa ulipie 150,000 upewe kilicho chako! Na mpangilio huo anaokuuzia anaweza kumpa mwingine kesho kutwa kwa kubofya mara mbili.

Niliwahi kuletewa kijana wa Katonga, usiku anavua dagaa na baba yake. Wimbo wake ulikuwa kwenye kii ileile (yaani kimo kilekile cha sauti) ya msanii aliyempenda, na kwenye kiitikio mishipa ya shingo ilimsimama. Sauti ilikuwa nyembamba, imebanwa, na ndiyo maana ilifanana na ya yule bwana. Nilizima biti, nikazima mwangwi, nikashusha kii nusutoni tatu, yaani hatua tatu ndogo za sauti. Nikamwambia imba mstari huu kama unamwita mtu aliye kwenye mtumbwi mwingine. Akauvuta mwisho wa neno, sauti nzito kidogo, ikapinda chini kabla ya kukata. Akaacha ghafla, akacheka kwa aibu: "Mwalimu, hapo nimesikika mshamba." Nilimrudishia ile rekodi mara nne. Siku ya tatu ndipo alipokubali kwamba ule ushamba ndio pekee kwenye wimbo mzima ambao hakuazima kwa mtu.

Kwa hiyo, mwanangu, anza na kii. Sina shaka unaimba kwenye kii ya huyo unayefananishwa naye, kwa sababu ndiyo uliyojifunzia. Shusha nusutoni moja moja mpaka uweze kuimba kiitikio ukiwa umekaa, bila kukaza shingo. Kisha rudi kwenye kusikiliza, kwa upana kuliko mwanzo. Chukua watu watano wasiofanana kabisa: mwimbaji wa taarabu, mwanakwaya, mzee wa dansi, Mkongo wa ng'ambo ya ziwa, na mmoja wao awe mwanamke. Iga ubeti mmoja wa kila mmoja, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Jirekodi kwa simu tu, pasipo biti. Usisikilize siku hiyohiyo, sikiliza kesho yake asubuhi. Utaona kuna mahali umeshindwa kwa namna ileile kwa wote watano: labda unachelewa kuingia, labda unameza irabu ya mwisho, labda lafudhi ya nyumbani inachungulia. Hapo paandike kwenye daftari. Usiparekebishe. Hiyo kazi itakula miezi, na hakuna njia ya kuifupisha.

Lafudhi hiyo hasa nawasihi vijana wetu wasiionee aibu. Kiha ni lugha ya toni, hupandisha na kushusha sauti ndani ya neno, na mtu aliyekulia humo ana melodi mdomoni kabla hajagusa maiki. Halafu anafika studio anajikamua aongee kama mtoto wa Sinza.

Na hawa wanaouza njia za mkato hawako studio tu. Yupo anayewanywesha vijana mayai mabichi na tangawizi eti "afungue sauti". Kinachomezwa kinapita njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti hata kidogo, na yai bichi linaweza kukuharishia siku ya shoo. Yupo anayesafisha nyota kwa kuku mweupe na laki mbili. Yupo anayekupa jina jipya, miwani na mtindo wa nywele, anauita huo staili. Wote wanakuuzia kitu kimoja: ruhusa ya kutofanya mazoezi. Nimewaona vijana wakiuza simu, mmoja aliuza baiskeli ya baba yake, kulipia hayo, na mwaka uliofuata wameacha muziki wakidhani hawana kipaji.

Ukienda tena kwa huyo prodyuza, mwombe jambo moja kabla ya kuzungumza bei: azime kila kitu, akusikilize ukiimba ubeti mmoja kwa sauti kavu, kisha akwambie amesikia nini ndani yake. Kama ana masikio atakutajia kitu, hata kimoja. Akikataa, au akikwambia hilo halina haja maana mashine itarekebisha, aga kwa heshima urudi zako Ujiji na hela yako mfukoni.