Ganzi ya mgongo: mto msiusingizie

Assalaam alaykum. Kijana uliyeuliza kama bado tunawalaza kina mama chali bila mto saa 24 baada ya ganzi ya mgongo, eti wasiumwe kichwa, maana matroni wenu hata kanga iliyokunjwa chini ya kichwa anaiondoa: mie huku Pemba niliacha zamani, wala si kwa ukaidi.

Nilipoanza kazi ya usingizi nasi tulifundishwa hivyo hivyo. Mzazi akiumwa kichwa siku ya pili, swali la kwanza wodini ni "nani kampa mto?" Namkumbuka mmoja aliyelala chali usiku kucha kama alivyoamriwa, hata uji wa pilipili manga akanyweshwa kwa kijiko. Siku ya pili alipokaa kitako amnyonyeshe mwanawe, kichwa kikamvuta kuanzia kisogoni mpaka usoni, akilala, kinatulia. Mkwewe akamletea kombe. Sikumzuia, ila moyoni nilijua kosa ni la mkono wangu. Siku ile bohari ilikuwa na sindano za geji 22 tu (geji ni unene; namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba), zile za ncha ya kukata, na nilichoma mara tatu ndipo nikapata njia.

Tundu lile linaloachwa na sindano ndilo linalovujisha maji ya uti wa mgongo. Mtu akikaa, ubongo unakosa maji ya kuuelea na tando zake zinavutika. Kulala kunatuliza maumivu, lakini tundu halizibi. August Bier alipoijaribu ganzi hii mwaka 1898, yeye na msaidizi wake walichomana wenyewe kwa wenyewe, na wote wawili wakaishia kuumwa kichwa.

Jarida la Lancet mwaka 2018 lilikusanya majaribio 110 yenye watu zaidi ya 31,000 waliochomwa mgongoni. Kwa sindano za kukata, walioumwa kichwa walikuwa asilimia 11. Kwa zile za ncha ya penseli, yaani zisizo na makali ya kukata, asilimia 4.2, na kufeli kwa uchomaji hakukuongezeka. Hilo la kufeli ndilo wakubwa zetu wanalolihofia. Mwongozo wa pamoja wa vyama vya kitabibu vya kimataifa wa mwaka 2023 nao hauungi mkono kumlaza mtu kitandani eti kama kinga.

Basi omba geji 25 au 27 ya penseli. Maji ya uti wa mgongo yanatoka polepole kwenye sindano hiyo, subiri, usiichomoe kwa pupa. Ukikosa, tumia ya kukata iliyo nyembamba, na tundu la ncha ulielekeze ubavuni mwa mgonjwa, si juu wala chini.

Akishaumwa, mpe parasetamoli na ibuprofeni kama hana kizuizi, anywe maji kwa kiu yake, na kikombe cha kahawa kinaweza kumsaidia (wazee wa barazani watafurahi kusikia). Asipopata nafuu, tiba ni kuziba tundu kwa damu yake mwenyewe, kiasi cha mililita 20, inayodungwa nje ya utando palepale mgongoni. Hiyo ni kazi ya mwenye uzoefu. Ikibidi mpandishe boti aende Unguja.

Lakini kabla hujailaumu sindano, pima presha! Kifafa cha mimba huja hata baada ya kujifungua. Nilishaitwa wodini kwa "kichwa cha spaino", yaani cha ganzi ya mgongo, nikakuta presha imepanda na macho yanaona ukungu, na hakuna aliyekuwa amempima tangu asubuhi. Kichwa kisichotulia mtu akilala, au kinachokuja na degedege au udhaifu wa upande mmoja, usikiite cha spaino. Mwite daktari hapo hapo.

Na matroni wako, usibishane naye mbele ya wagonjwa. Mie nilianza kuandika kwenye daftari la thieta sindano gani imetumika na nani kaumwa kichwa, nikaliacha mezani pa matroni wetu. Siku hizi yeye ndiye anayemgombeza mfamasia za penseli zikichelewa.