Presha ya jicho baada ya kuwekewa pete za konea

Dada pole na opresheni ya pete, vile vipande vidogo vya plastiki wanavyoingiza ndani ya konea (kioo cha mbele ya jicho) ili kuinyoosha. Umeuliza mbona kabla ya pete presha ilisoma 14 na sasa mashine ya kupuliza hewa inasema 9, eti jicho limeharibika? Si lazima. Hizi mashine zinapima kwa kubonyeza konea, na ile ya Goldmann (inayogusa jicho lenyewe badala ya kupuliza hewa) imetengenezwa kwa kukadiria konea yenye unene wa maikroni kama 520, sasa sisi wa keratokonasi (ugonjwa wa konea kuwa nyembamba na kuchongoka) konea zetu nyembamba na laini, zinabonyea kirahisi, namba inatoka ndogo kuliko presha yenyewe. Pete nazo zinabadilisha umbo, halafu kama mashine ya kwanza ilikuwa nyingine hapo hakuna kulinganisha. Waombe watumie ileile ya mwanzo, wapime katikati, mbali na pete.

Mimi ningehofia zaidi hayo matone ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), ukiyatumia wiki nyingi yanaweza kupandisha presha kimyakimya na mashine bado ikakuonyesha 15 safi kabisa, kwa hiyo waangalie na mshipa wa fahamu wa jicho. Maumivu makali, wekundu au ukungu wa ghafla usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo. Na usifikiche jicho aisee, hata liwashe vipi.