Uingereza Chagua Duka, Kanada Chagua Wiki

Wiki iliyopita niliandikiwa na dada mmoja anayeishi Leicester, Uingereza, mwenyeji wa Mombasa kama mimi, ambaye mumewe amepata kazi Mississauga, jirani na Toronto, na ambaye anatarajia kuhamia Kanada na watoto wake kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa Septemba. Aliambatisha picha ya risiti yake ya Aldi, lile duka la bei nafuu, yenye maziwa, mayai, kuku, mchele na mboga, akaniomba nimwandikie bei ya kila kitu kwa dola za Kanada, kwani ameambiwa na wengi kwamba chakula cha Kanada ni ghali mara mbili. "Dada, niambie kweli, tutaweza?" Nimeona nimjibu hapa, kwa kuwa maswali ya namna hii hunifikia kila msimu wa watu kuhama, na kwa kuwa jambo lenyewe nalijua kwa undani. Niliendesha nyumba Leicester kwa miaka mingi, tangu 2019 naendesha nyumba Scarborough, huku Toronto, na muda wote huo mwenda sokoni ni mimi.

Ile risiti sikuigeuza kuwa dola, kwa sababu kufanya hivyo kungempotosha. Tuchukue mfano wa siagi. Leicester, pakiti ya gramu 250 yenye chapa ya duka lenyewe imekuwa ikiuzwa kwa karibu pauni 2, na ukienda wiki hii au wiki ijayo utaikuta pale pale. Scarborough pakiti ni ya gramu 454, na nimeinunua kwa dola 5, kisha nikaiona kwa dola 8, katika duka lile lile, wiki moja tu baadaye. Ukihesabu pauni moja kuwa dola 1.80, siagi ya Leicester ya uzito huo ingekuwa kama dola 6 na nusu. Basi wiki moja Kanada ni rahisi kuliko Uingereza, wiki inayofuata ni ghali, na mtu anayenunua bila kuangalia wiki atalalamika, tena kwa haki, kwamba ameumizwa. Uingereza akili yako yote huiweka katika kuchagua duka. Kanada huiweka katika kuchagua wiki. Hilo ndilo jibu langu, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo.

Uingereza mambo yalinyooka hivyo kwa sababu ya ushindani. Aldi ilifungua duka lake la kwanza huko mwaka 1990, Birmingham, na Lidl, duka jingine la namna hiyo, ikafuata mwaka 1994, na kwa miaka mingi maduka makubwa yaliyadharau. Leo ukiingia Tesco au Sainsbury's utaona vibao kwenye rafu vinavyotangaza kwamba bei ya kitu hiki ni sawa na ya Aldi. Maana yake ni kwamba mama wa nyumba akishachagua duka lake na kukubali kununua bidhaa zenye chapa ya duka, kazi kubwa imekwisha. Ilinibaki kuzijua saa za vibandiko vya manjano, vile vya vyakula vilivyopunguzwa bei, ambavyo katika duka la karibu nasi vilibandikwa jioni, nilipokuwa nikitoka zamu, na kwenda Melton Road, mtaa wa maduka ya Kihindi, kwa pojo, mbaazi, mihogo na bamia. Leicester imebarikiwa kwa hilo, kwa sababu familia za Kihindi zilizofukuzwa Uganda mwaka 1972, na nyingine zilizotoka Kenya na Tanzania, zilihamia huko na mapishi yao. Hata katika duka la kawaida la Kizungu nilikuwa nikiokota pakiti ya mishiri iliyoandikwa kwamba imetoka Kenya. Nilinunua kidogo kidogo, mara kadhaa kwa wiki, kwa miguu, kwa kuwa jokofu letu lilikuwa lile dogo linaloingia chini ya meza ya jikoni na halikuweza kubeba zaidi.

Kanada hakuna Aldi wala Lidl. Biashara ya chakula imeshikwa kwa sehemu kubwa na kampuni tatu za humo humo, yaani Loblaw, Sobeys na Metro, pamoja na Walmart na Costco kutoka Marekani. Mgeni haoni haraka kwamba No Frills na Real Canadian Superstore ni mali ya Loblaw, kwamba FreshCo ni ya Sobeys na Food Basics ni ya Metro, hivyo huvuka barabara akidhani anakimbilia kwa mshindani kumbe amekwenda kwa ndugu wa yule yule. Idara ya serikali inayosimamia ushindani ilitoa ripoti mwezi wa Juni 2023 na kueleza kwamba kampuni hizo tatu ziliuza bidhaa za zaidi ya dola bilioni 100 mwaka 2022, na zikapata faida ya zaidi ya dola bilioni 3.6. Na hapo sijagusa mkate. Desemba 2017 Loblaw na kampuni mama yake, George Weston, zilikiri kwamba zilishiriki katika mpango haramu wa kupatana na washindani juu ya bei ya mkate, uliodumu zaidi ya miaka kumi, na Loblaw ikawapa wateja waliojiandikisha kadi za dola 25. Mwaka 2023 kampuni ya Canada Bread ilitozwa faini ya dola milioni 50 kwa kosa hilo hilo. Mkate ni chakula cha mtoto anayekwenda shule asubuhi, na kila nikilifikiria jambo hili moyo hunichemka. Siku hizi mkate wetu mwingi nauoka mwenyewe.

Sasa nieleze nilivyojifunza kuchagua wiki. Mwaka 2022 saa za kazi za mume wangu zilipunguzwa, na mwaka huo huo bei za vyakula Kanada zilipanda kuliko wakati wowote kwa takriban miaka 40. Mwezi wa Septemba peke yake zilikuwa juu kwa asilimia 11.4 ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Ndugu zetu wa Uingereza walipata mtihani mzito zaidi, kwani kufikia Machi 2023 kupanda kwao kulipita asilimia 19. Niliketi nikanunua daftari la shule, nikalipiga mistari. Upande wa kushoto niliandika jina la kitu na uzito wake, katikati bei ya chini kabisa niliyowahi kuiona na tarehe yake, kulia bei ya juu na tarehe yake. Ukurasa wa siagi upo mbele yangu ninapoandika, na una doa la mafuta pembeni: dola 4.99, kisha 7.99, kisha 5.49, kisha 8.29, kisha 4.99 tena katika wiki za kuelekea Krismasi, msimu ambao Wakanada huoka keki na biskuti. Baada ya miezi michache daftari lilikuwa limenifundisha kwamba karibu kila kitu kina zamu yake ya kushuka, na kwamba anayenunua kikiwa chini, akanunua cha kumfikisha zamu ijayo, halipi ile bei ya juu hata siku moja. Tuliupita mwaka ule bila kumkopa mtu na bila kuwanyima watoto nyama wala matunda. Nalisema hili kwa fahari, kwa sababu wapo walioniambia kwamba tungerudi Uingereza kabla ya majira ya kuchipua.

Hapa kwetu, jimbo la Ontario, bei mpya huanza Alhamisi na kumalizika Jumatano, na vipeperushi vya maduka yote huonekana kwenye simu kupitia programu ya Flipp. Jumatano usiku mimi huketi navyo pamoja na daftari langu. No Frills na FreshCo zina desturi ya kukuuzia kwa bei ya mshindani ukimwonyesha keshia kipeperushi, mradi chapa na uzito viwe vile vile, kwa hiyo si lazima uzunguke mji mzima kutafuta vitu vitatu. Ipo pia programu ya Flashfood, iliyoanzia Toronto, ambayo huuza kwa bei ya chini sana vyakula vinavyokaribia tarehe yake. Unalipia kwenye simu kisha unavichukua kwenye jokofu lililowekwa karibu na mlango wa duka. Ukiniuliza, hiyo ndiyo vibandiko vya manjano vya Kanada.

Kuna jambo ambalo bado linaniuma, na nalieleza kwa sababu lina faida ndani yake. Kanada yapo makubaliano ya hiari ya maduka mengi makubwa, yaliyoanza mwaka 2002, kwamba kitu kikisomeka kwa bei ya juu kwenye mashine kuliko bei iliyoandikwa kwenye rafu, mteja hupewa bure kama bei yake haizidi dola 10, na kama inazidi hupunguziwa dola 10. Siku moja jibini niliyoichukua ilisomeka kwa bei ya juu kuliko ya rafuni, katika duka lililobandika tangazo la makubaliano hayo mlangoni. Nilimwomba keshia kwa upole, naye hakulijua jambo lenyewe, akamwita msimamizi. Msimamizi alinitazama kuanzia ushungi hadi viatu, akasema kwa sauti, foleni nzima ikisikia, kwamba kama siwezi kuinunua niiache. Sikuiacha. Nilimwonyesha tangazo la mlangoni, nikasimama mpaka mwenzake mwingine akaja na kunipa haki yangu, kisha nikatembea hadi kituo cha basi huku nikitetemeka mikono. Dada yangu, nawe na wote mnaosoma, msione haya kuangalia skrini ya keshia wakati kila kitu kinapopita, na msione haya kuuliza. Wageni wengi tunanyamaza kwa kuogopa kuonekana maskini, na ukimya wetu una bei yake katika kila risiti. Mzazi anayelinda fedha ya watoto wake hana cha kuficha mbele ya foleni yoyote.

Yapo mengine ya kuyajua kabla ya kufika. Uingereza bei unayoiona rafuni ndiyo utakayoilipa, kwa maana kodi ya asilimia 20, kwa vitu vinavyotozwa, imo ndani. Ontario kodi ya asilimia 13 huongezwa kwenye mashine. Vyakula vya msingi havitozwi katika nchi zote mbili, lakini soda, chipsi za pakiti, chokoleti, sabuni na karatasi za msalani hutozwa Kanada juu ya bei iliyoandikwa. Keki ndogo zikiwa chini ya sita hutozwa kodi, na zikifika sita katika pakiti moja hazitozwi, kwa hiyo nunua sita. Bei ya matunda na nyama huandikwa kwa tarakimu kubwa kwa ratili na kwa tarakimu ndogo kwa kilo. Tufaha zilizoandikwa dola 1.99 ni dola 4.39 kwa kilo, na ukilinganisha na kilo ya Leicester tumia hiyo ya pili. Mkate wa kawaida wa Uingereza ni gramu 800, wa Kanada mara nyingi ni gramu 675. Angalia uzito kwanza, kisha bei.

Maziwa, jibini, mayai na kuku vitakushangaza kwa bei yake, hata wiki ya ofa. Serikali ya Kanada hupanga kiasi ambacho wakulima wake watazalisha, na huwalinda kwa ushuru mkubwa mno dhidi ya bidhaa za nje. Siagi ya nje inayozidi kiwango kilichoruhusiwa kuingia hutozwa karibu asilimia 300. Mazungumzo ya biashara kati ya Uingereza na Kanada yalisimamishwa Januari 2024, na jibini ilikuwa mojawapo ya sababu. Mimi siwalaumu wakulima, ila nakushauri ununue maziwa ya mifuko, lita 4 kwa mara moja, na jibini ununue donge zima wiki ya ofa ukalikwaruze na kulihifadhi kwenye friza. Kwa upande mwingine, unga wa ngano na dengu utavifurahia. Jimbo la Saskatchewan hulima dengu kwa wingi unaolisha nchi nyingi duniani, na mfuko wa kilo 10 wa unga wa chapati upo katika supamaketi ya kawaida, wala huhitaji kwenda duka la Kihindi kuutafuta.

Ndiyo maana nasema nunueni friza kabla ya televisheni. Hapa mnanunua kwa gari, mara moja kwa wiki, na wakati wa theluji hutatamani kutoka kwa ajili ya pakiti moja ya mboga. Uanachama wa Costco, duka linalowauzia wanachama wake vitu kwa pakiti kubwa kubwa, ni dola 65 kwa mwaka tangu Septemba 2024, na kwa familia ya watu watano hurudisha fedha yake kwa mchele na mafuta peke yake, lakini ingia na daftari, kwa sababu si kila kitu kikubwa ni rahisi. Bata mzinga hushuka bei kabla ya Jumatatu ya pili ya Oktoba, sikukuu yao ya shukrani. Mchele, tende na mafuta hushuka wiki za kuelekea Ramadhani, kama ilivyo huko Uingereza, na hapo mimi hununua mchele wa miezi kadhaa.

Uliniuliza mwishoni ubebe nini. Usibebe unga, dengu wala viungo, kwa sababu vyote utavikuta Scarborough na Mississauga kwa bei nzuri, na nyama na maziwa yatakuletea taabu forodhani. Beba majani ya chai ya Kenya, yale yaliyofungwa kiwandani, mengi kadiri sanduku litakavyoruhusu, na uyataje kwenye fomu ya forodha. Rafu za Leicester zimejaa chai yetu. Huku utaitafuta, na ukiipata utailipia sana, wiki zote.