Biti za ziada kwenye jedwali la kurasa

Mkuu, umeuliza kama unaweza kujichukulia biti moja ya jedwali la kurasa (linaloonyesha kila ukurasa wa memori ya programu uko wapi kwenye memori halisi) kwenye prosesa za x86-64 uweke alama yako ya memori. Inawezekana ila ziko chache mno. Kila ingizo lina biti 64, prosesa imeachia ya 9, 10 na 11 na chache za juu kuanzia 52, shida ni kwamba Linux imeshazikalia zile tatu za chini, ya 9 kurasa maalumu (ambazo kerneli haizisimamii kama memori ya kawaida), ya 10 userfaultfd (njia ya programu kushughulikia yenyewe hitilafu za kurasa zake), ya 11 inaonyesha ukurasa umeandikwa tangu biti hiyo ilipofutwa mara ya mwisho, CRIU (zana ya kuhifadhi programu inayoendelea na kuirudisha baadaye) inaitegemea sana hiyo ili isinakili memori yote upya. Za juu nazo, 59 hadi 62 zinaliwa na funguo za ulinzi (namba za kuzuia kusoma au kuandika kundi la kurasa) zikiwashwa.

Kwa hiyo kama alama yako ni ya eneo zima iweke kwenye VMA (rekodi ya kerneli ya kila eneo la memori la programu), jedwali liache kabisa. Ukiiweka kwenye jedwali, kumbuka biti ya 0 (inayosema ukurasa upo kwenye memori) ikiwa sifuri prosesa haijali zilizobaki, hapo ndo kerneli inaandika mahali ukurasa ulipo kwenye swapu (sehemu ya diski ya kurasa zilizotolewa kwenye memori), sasa usipoihamishia alama huko nako inapotea ukurasa ukitolewa tu, na bagi ya hivyo kuisaka inatesa kwelikweli.