GB 8 zimeonekana, lakini laptopu inatumia tatu na kitu tu

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina kaduka ka kuchapa na kutoa fotokopi hapa Busia. Laptopu yangu ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, wiki iliyopita nikaongeza nyingine ya GB 4 niliyonunua Kampala. Sasa inaniandikia "8.00 GB", halafu kwenye mabano "3.46 GB usable". Nimeuziwa mbovu? Kesho nataka nipande teksi nikamrudishie mwenyewe.

Jibu: Tunza nauli yako, dada. Kompyuta imeiona RAM yote. Kipande kipya kingekuwa hakijaonekana, ungesoma 4, si 8. Namba ya kwanza ni kilichochomekwa. Ya kwenye mabano ni kile ambacho Windows inaweza kukitumia. Mgomvi wako ni Windows, muuzaji hana kosa.

Kwenye ukurasa huohuo uliosomea hizo GB 8, shuka hadi "System type". Nina hakika karibu yote kwamba utakuta imeandikwa 32-bit, ingawa prosesa ni x64, yaani ya biti 64. Windows ya biti 32 huhesabu anwani 4,294,967,296 za kumbukumbu, yaani GB 4, basi. Na ndani ya hizo hizo, kadi ya picha na vifaa vingine navyo vinadai nafasi yao. Ndiyo maana unabaki na tatu na kitu, hata ungeongeza RAM mpaka GB 16. Laptopu za mtumba ninazoletewa, kadhaa huja hivyo.

Dawa ni kuweka Windows ya biti 64. Haipandishwi juu ya ile ya 32. Inawekwa upya kabisa. Kwa hiyo hamisha kwanza kazi za wateja kwenye flashi, kisha ufungue faili mbili tatu kwenye kompyuta nyingine uone kama kweli zimefika. Leseni uliyo nayo inatosha, mradi toleo la Windows ni lilelile.

Ukikuta tayari ni biti 64, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msconfig, ingia Boot, kisha Advanced options. Kisanduku cha "Maximum memory" kikiwa na alama ya vema, iondoe, uwashe upya. Hapo niliwahi kuaibika: nilimgombeza muuzaji mbele ya wateja wake, kumbe alama ile niliiweka mwenyewe siku nikijaribu jambo na nikasahau.

Anayesoma 4 badala ya 8, huyo ndiye afungue mashine. Zima, chomoa chaja, toa na betri. Sugua meno ya RAM kwa ufutio wa penseli, maana vumbi letu haliachi kitu, kisha iingize ikiwa imelala mshazari na uikandamize mpaka vishikizo vya pembeni vilie "ta!" Kisipolia kimoja, bado haijaingia.