Ukienda Kanisa Kubwa Mara ya Kwanza, Andika Jina Lako

Juzi nimepata ujumbe wa dada mmoja aliyehamia Mombasa kutoka Voi. Amepata kazi, amepanga chumba Likoni, na wenzake kazini wanamvuta aende nao kwenye kanisa kubwa, yale ya maelfu ya watu na skrini ukutani. Anauliza: nivae nini, nikae wapi, na nitajuaje kama ni pangu? Nilimjibu kwa kifupi, lakini usiku usingizi ulikatika. Swali lake la tatu lilinigusa kwenye kidonda.

Mimi nimelelewa Rabai, karibu na Mombasa. Hapo ndipo wamisionari Krapf na Rebmann walipoweka misheni yao mwaka 1846, nasi watoto wa pale tulikua tukijua kwamba kanisa ni letu tangu mababu. Kila mtu alikuwa na benchi lake. Ukikosa Jumapili moja, Jumatatu kuna mama yuko mlangoni na maembe kwenye kikapu, anauliza una nini. Sikuwahi kujitambulisha kanisani maishani mwangu. Nijitambulishe kwa nani?

Basi Jumapili moja ya Machi 2018, nikiwa sasa nakaa Likoni, nikamshika mkono mwanangu wa miaka minne, tukateremka ferini Likoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwenda kwa miguu halipi, kwa hiyo asubuhi hiyo feri hujaa watu wa makanisa yote, Biblia kwapani, viatu vizuri mkononi ndani ya mfuko. Ng'ambo tukapanda matatu.

Niliusikia muziki kabla ya kuliona kanisa. Mle ndani besi ilinipiga kifuani kama mtu anabisha hodi. Mhudumu alinyoosha vidole viwili juu, mwenzake wa mbali akajibu kwa vidole viwili, tukasukumwa taratibu hadi safu ya katikati. Kabla ya hapo, kwenye meza ya watoto, binti mmoja alimbandika mwanangu karatasi mgongoni yenye nambari 214, nami akanipa yangu ya namna hiyo hiyo. Alisema jambo, spika zikalimeza.

Mchungaji akaomba wageni wa mara ya kwanza wasimame. Sikusimama. Moyoni nilisema, mtu wa Rabai anakuwaje mgeni nyumbani mwa Mungu? Kadi ya wageni ilipofika kwangu nikaipitisha kwa jirani bila kuitazama. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliingia kama mwenyeji, wala hakuna aliyejua nimeingia.

Katikati ya mahubiri, pembeni mwa skrini pakatokea 214 kwa rangi nyekundu. Kwetu nambari ukutani ni ya wimbo, nikangoja waimbe. Ikazimika, ikawaka tena. Mama niliyeketi naye akanigusa goti: "Mama, si nambari yako hiyo?" Nilikimbia. Nilimkuta mwanangu ameshika kitasa cha mlango kwa mikono yote miwili, sauti imeshamkauka, kwikwi tu. Mwenye mtoto asikilize hapa: usiondoke meza ile mpaka umeelewa nambari ni ya nini, hata kama unawachelewesha walio nyuma yako.

Niliendelea kwenda, kwa sababu mahubiri yalinijenga, na hilo sitalificha. Miezi saba nikaingia na kutoka.

Mwezi wa Oktoba mama yangu akafariki. Akina mama wa Rabai walipika siku tatu mfululizo, walilala nasi kwenye mikeka, waliimba hadi sauti zikaisha. Kutoka kanisa kubwa hakuja mtu hata mmoja. Niliporudi Jumapili ya tatu baada ya mazishi, ndugu wa mlangoni alinishika mkono kwa mikono miwili, uso wote tabasamu, akasema, "Karibu sana mama. Ni mara yako ya kwanza kuabudu nasi?"

Nikasema ndiyo.

Nikachukua kadi. Jina, simu, mtaa. Kwenye mstari wa maombi nikaandika: nimefiwa na mama. Jumanne nikapigiwa simu. Jumatano jioni watu tisa wa kikundi cha nyumbani cha Likoni walikuwa sebuleni kwangu na sukari, unga na majani ya chai. Mmoja wao anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Miezi saba tulikuwa tunapanda feri moja.

Bado inaniuma, nisiseme uongo. Lakini dada yangu, elewa jinsi makanisa haya yanavyofanya kazi. Watafiti wa Marekani huanza kuliita kanisa kubwa mno likifikisha wastani wa watu 2,000 kwa wiki. Mchungaji gani atayajua majina 2,000? Kanisa la Yoido la Seoul, Korea Kusini, lilianza mwaka 1958 na watu wachache. Liliposhamiri, mchungaji wake alianguka kwa kuchoka, na mwaka 1964 wakaanza kugawana katika vikundi vya majumbani, vingi vikiongozwa na wanawake. Ile ibada ya Jumapili ni uwanja. Kanisa lenyewe, la kukuzika na kukuuguza, liko kwenye kikundi. Machi 2020 milango ilipofungwa kwa sababu ya korona, sisi wa kikundi ndio tuliobaki tukipigiana simu.

Kwa hiyo nivae nini? Vaa chochote cha heshima. Nikae wapi? Pembeni mwa njia, ufike nusu saa mapema. Kisha andika jina lako. Wakisema wageni wasimame, simama. Usibebe kiburi cha ulikotoka, hata kama ulikotoka ni pakubwa kama kwetu. Yule mwanamke aliyegusa pindo la vazi la Yesu katikati ya umati, aliitwa ajitokeze, akajitokeza akitetemeka.

Nanyi mlio humo miaka kumi, mnaojua viti vyenu: mgeukieni aliye kando yenu. Msimwachie mhudumu. Muulize anaitwa nani, na Jumapili ijayo mwite kwa jina hilo. Mama yule aliyenigusa goti aliniokolea mtoto, lakini hakuniuliza jina, nami sikumuuliza lake, na sijawahi kumwona tena.

Siku hizi mimi nahudumu mlangoni. Siulizi mtu kama ni mara yake ya kwanza. Nauliza jina.

Dada wa Voi, Jumapili nitakuwa langoni mwa feri, upande wa Likoni, saa kumi na mbili na nusu. Nimevaa kitenge cha buluu. Njoo tuvuke pamoja.