Saa inayopima sukari mwachie kaka yako

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mama yangu ana miaka 63 na ana kisukari. Wiki ijayo analazwa Dodoma mjini kwa upasuaji wa ngiri, na mimi ndiye nitakayemuuguza. Nimeandaa simu yake, tableti ya kuangalia mahubiri, pawabanki, ekstensheni, birika la umeme, na ile saa inayopima presha na sukari bila kutoboa kidole. Kaka aliinunua stendi kwa shilingi 45,000. Naogopa simu isije ikavuruga mashine za wodini. Nibebe kipi, niache kipi? (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Dada yangu, umetaja vitu sita, ukakiogopa kisicho na neno na kukiamini cha hatari.

Simu beba. Hofu ya simu kuvuruga mashine ilikuwa na sababu zamani, lakini mashine za siku hizi hujaribiwa zivumilie mawimbi ya simu. Usiilaze tu juu ya pampu ya dripu au monita. Iwe umbali wa mita moja hivi, na kwenye chumba cha wagonjwa mahututi fuata anachosema nesi. Ningekuwa wewe ningemwekea mama kiswaswadu: chaji inakaa siku kadhaa, na tochi anayo. Tableti iende na hedifoni, maana wa kitanda cha pili naye ana dhehebu lake. Pawabanki ni sawa, ila usiichaji chini ya mto.

Birika na ekstensheni viache Kongwa. Birika linakula umeme wa chaja mia za simu. Maji ya moto yatakaa kwenye chupa ya chai. Soketi iliyo karibu na kitanda imewekwa kwa ajili ya mashine za wagonjwa. Nimewahi kukuta mashine ya oksijeni imechomolewa ili mtu achaji simu, inalia, na wodi nzima imeshauzoea mlio. Na nyie mnaochomeka kalamu kwenye tundu la juu ili chaja ya pini mbili iingie: tundu lile ni la ethi, na pini yake ndiyo hufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Mkishavivunja kwa kalamu, mnaniita mimi kwamba soketi ni mbovu.

Tuje kwenye saa. Kila wiki naletewa hii habari, na nimechoka kuwa mpole.

Ule mwanga wa kijani mgongoni mwa saa huingia kwenye ngozi na kurudi. Moyo ukipiga, damu inajaa kwenye mishipa midogo na mwanga unaorudi unapungua. Saa inahesabu huko kupungua na kuongezeka, kwa hiyo mapigo ya moyo inaweza kuyapata. Sukari ya damu hapo haipo. Namba unayoiona imetungwa. Nililetewa moja nikaifunga kwenye ndizi mbivu: mapigo 74, sukari 5.6. Nikaihamishia kwenye chupa ya maji: sukari 5.4. Ndizi haina moyo, lakini sukari imejaa tele, na hata hiyo saa haikuiona!

Muuzaji atakwambia kuna saa Ulaya zinazoonyesha sukari. Zipo, ila zinapokea namba kutoka kwenye sensa iliyobandikwa mkononi, yenye kiuzi kilichozama chini ya ngozi. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi.

Kwa mama yako jambo hili si la mzaha. Kabla ya upasuaji ataambiwa asile. Mtu wa kisukari asipokula huku dawa bado inafanya kazi mwilini, sukari inaweza kushuka chini ya 4: anatoka jasho, anatetemeka, anaongea yasiyoeleweka. Wewe hapo pembeni, saa tisa usiku, utatazama mkono wake, utaona 5.6, utasema amechoka, mwache alale. Beba glukomita yake, yaani kile kipimo cha kutoboa kidole, vijiti vyake vya kuwekea damu (stripu), na daftari la vipimo vya nyumbani. Kopo la stripu lifungwe vizuri na lisiachwe kwenye gari juani. Joto la zaidi ya nyuzi 30 linaziharibu. Presha nayo ipimwe kwa mashine yenye mkanda wa kufunga juu ya kiwiko.

Wanaoumia zaidi hata wodini hawajafika. Mzee mmoja aliacha kununua stripu kwa sababu saa ilikuwa inamwambia 6 kila asubuhi. Alipoletwa hospitali, glukomita iliandika HI, na kwenye nyingi maana yake ni kwamba imepita 33.3 na mashine imeshindwa kuhesabu. Saa bado ilikuwa mkononi, ikisema 6.1. Kitu kinachodai kupima ugonjwa ni kifaa tiba, na vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, ambao makao yao makuu yako hapahapa Dodoma. Muulize mwenye meza kama kimesajiliwa. Atakuonyesha herufi CE, alama ya viwango vya Ulaya, kwenye boksi, kana kwamba boksi halichapishwi na binadamu. Ndiyo hao hao wanaouza bangili za sumaku za kushusha presha na stika za kuzuia mionzi ya simu, na wateja hawawaishi.

Siku ya upasuaji mama avue pete, hereni na bangili kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, wauguzi watakukabidhi. Na kaka usimgombeze. Saa yake inaonyesha muda vizuri tu, aivae mwenyewe.